Faili mpya iliyoshindwa na faili ya zamani: uchambuzi wa kisa cha ofisi mbili na saa zake

Kisa hiki ni cha ofisi mbili za shirika moja zilizokuwa zikibadilishana faili kila siku ya kazi na kupoteza marekebisho kila wiki, ilhali saa za kompyuta zote zilikuwa sahihi. Majina, aina ya bidhaa, majina ya faili na tarehe vimebadilishwa. Tofauti za saa na mpangilio wa matukio vimebaki kama vilivyokuwa. Saa zote nimeziandika kwa mfumo wa saa 24, vinginevyo hesabu zitatuchanganya sote.

## Hali ilivyokuwa

Ofisi ya kwanza, tuiite Mashariki, iko UTC+3 mwaka mzima, yaani saa tatu mbele ya UTC, saa ya marejeo ya dunia nzima. Ya pili, Magharibi, iko UTC−5, na majira ya joto husogeza saa mbele ikawa UTC−4. Kati yao basi kuna tofauti ya saa nane kwa sehemu ya mwaka na saa saba kwa sehemu iliyobaki. Mashariki huandaa miongozo ya mitambo na majedwali ya vipimo. Magharibi huhakiki, hurekebisha namba na kuweka maoni.

Utaratibu wa kubadilishana ulikuwa rahisi. Mwisho wa siku, mtu wa zamu katika kila ofisi alibana folda nzima ya kazi kuwa ZIP moja kwenye kompyuta yake ya Windows na kuipakia kwenye seva. Upande wa pili kulikuwa na kompyuta ndogo ya Linux yenye skripti, yaani orodha ya amri zinazojiendesha zenyewe: inaipakua ZIP, inaifungua kwa `unzip` kwenye folda ya muda, kisha inazihamishia faili kwenye folda ya kazi kwa `rsync -a --update`, programu ya kunakili faili. Hilo neno `--update` ndilo lililobeba sheria yote. Faili inayoingia ikiwa na tarehe mpya kuliko iliyopo, ipite. Ikiwa ya zamani, iachwe.

Mhakiki mmoja wa Magharibi alikuwa na utaratibu wake. Alitumia kompyuta ya Linux na alituma ZIP ndogo yenye faili alizozigusa yeye tu, akiitengeneza kwa programu ya `zip` ya Info-ZIP. Huyu mtu mkumbuke, atarudi mara kadhaa.

Skripti ilijaribiwa kabla ya kuanza kutumika, na ikafaulu. Jaribio lilifanyika ndani ya Mashariki peke yake, kompyuta mbili kwenye meza moja.

## Mambo yalivyoanza kwenda kombo

Malalamiko yalianzia Magharibi. Mhakiki anarekebisha jedwali asubuhi, anaondoka akijua kazi imeisha, na siku mbili baadaye Mashariki wanamwuliza mbona hajagusa kitu. Anafungua faili kwenye kompyuta yake mwenyewe: marekebisho hayapo hata huko. Ikaandikwa kwenye kundi la ujumbe, "Nani anafuta kazi zetu?" Mashariki wakajibu kwamba hakuna aliyefuta chochote, na walikuwa wakisema kweli.

Kilichowavuruga zaidi ni kwamba tatizo lilionekana kuchagua watu. Waliofanya kazi asubuhi walipoteza. Waliochelewa ofisini mpaka jioni hawakupoteza. Yule mhakiki wa Linux hakupoteza kitu hata siku moja. Uongozi ukafikia hitimisho ambalo ungelitarajia: kuna wafanyakazi makini na kuna wazembe wanaosahau kuhifadhi. Watu wawili waliandikiwa barua za onyo. Barua hizo zilifutwa baadaye, lakini uhusiano wa ofisi hizo mbili ulichukua muda kurudi sawa, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko faili zenyewe.

Tufuate faili moja, `jedwali-vipimo.xlsx`, kwa siku moja ya Februari:

- Saa 16:00 Mashariki, yaani 13:00 UTC, mwandishi anahifadhi jedwali. Saa 16:20 ZIP inapakiwa ikiwa imeandikwa ndani yake kwamba jedwali ni la saa 16:00.
- Saa 08:30 Magharibi, yaani 13:30 UTC, skripti inaifungua ZIP. Jedwali linatua likiwa na saa 16:00, saa ya Magharibi. Ni asubuhi, na faili inadai ilihifadhiwa alasiri ya siku hiyohiyo ambayo bado haijafika.
- Saa 10:00 Magharibi, yaani 15:00 UTC, mhakiki anarekebisha na kuhifadhi. Jioni folda inabanwa na kupakiwa.
- Siku ya pili saa 09:00 Mashariki, skripti inafungua ZIP ya Magharibi. Jedwali linasoma 10:00 ya jana. Lililopo linasoma 16:00 ya jana. Linaloingia ni "la zamani", linaachwa.
- Siku hiyohiyo Mashariki wanabana folda yao na kuituma. Magharibi wanapokea tena jedwali la 16:00, linalinganishwa na la mhakiki la 10:00, na linalifunika.

Kazi ya mhakiki imepotea pande zote mbili, bila ujumbe wowote wa kosa. `rsync` hairipoti faili ilizoziruka kwa sababu hii mpaka uiombe kwa `-vv`.

Angalia pia kwa nini waliochelewa waliokoka. Aliyehifadhi saa 16:30 Magharibi alikuwa na namba kubwa kuliko 16:00, kwa hiyo alishinda kila alikokwenda. Mfumo huo haukuwa unalinganisha ni lini jambo lilitokea. Ulikuwa unalinganisha saa mbili za ukutani zilizoko kwenye kuta mbili tofauti.

## Chanzo kilivyopatikana

Fundi wa Mashariki ndiye aliyeanza kushika uzi. Aliomba Magharibi wamtumie matokeo ya `stat`, amri inayoonyesha muda kamili wa faili, kwa faili za folda ya kazi, akaona mambo mawili.

La kwanza ni faili zenye saa za mbele. Hilo peke yake lingeweza kusingiziwa saa mbovu ya kompyuta. La pili ndilo lililomfungua macho: sekunde za faili zote zilizotoka Mashariki zilikuwa shufwa. 02, 18, 44, 56, hakuna witiri hata moja, na sehemu ndogo za sekunde zote sifuri. Faili zilizohifadhiwa hapohapo Magharibi zilikuwa na sekunde za kila aina, na desimali ndefu nyuma yake.

Sekunde shufwa tupu ni alama ya muundo wa tarehe wa MS-DOS, mfumo wa kompyuta uliotangulia Windows. Muundo huo unaiweka saa nzima kwenye biti 16: biti 5 za saa, 6 za dakika, 5 za sekunde. Biti 5 zinabeba thamani 32 tu, na dakika ina sekunde 60, kwa hiyo huhesabiwa kwa hatua za sekunde mbili mbili. Muundo huu ndio uliomo kwenye kila ingizo la ZIP, na ndio unaotumika kwenye FAT32, ile ya flashi na kadi za kumbukumbu. Unaanza kuhesabu miaka kutoka 1980, na hauna nafasi yoyote ya kusema saa hii ni ya eneo gani. Anayebana huandika saa ya kwake. Anayefungua huisoma kana kwamba ni ya kwake yeye.

Mifumo ya faili ya kompyuta za kisasa haifanyi hivyo. NTFS, mfumo wa faili wa Windows, huhifadhi muda kwa UTC, kwa hatua za nanosekunde 100 kuanzia Januari 1, 1601. Linux huhesabu kutoka Januari 1, 1970, nayo kwa UTC. Saa unayoiona kwenye skrini ni tafsiri tu ya namba hiyo kwa eneo lako. Kwa hiyo faili zilikuwa na muda sahihi kabla ya kubanwa, zikaupoteza ndani ya ZIP, zikavishwa mwingine zilipofunguliwa.

Na mhakiki wa Linux? ZIP inaruhusu sehemu za ziada kwenye kila ingizo, mojawapo ikibeba muda kwa hesabu ya 1970, yaani UTC. Info-ZIP huiandika na `unzip` huiheshimu. Njia waliyoitumia wenzake kwenye Windows haikuiandika. Ukichungulia kwa `zipinfo -v` tofauti inaonekana waziwazi: ZIP za kawaida zilikuwa na mstari mmoja tu wa tarehe, ule wa DOS, za kwake zilikuwa na huo pamoja na mistari ya UT, yaani ya hiyo sehemu ya ziada. Uangalifu haukuhusika hapo hata kidogo.

## Tiba ya kwanza, na kwa nini haikudumu

Uamuzi wa mwanzo ulikuwa kusimamisha ubadilishanaji mara moja, kunakili folda za pande zote mbili mahali ambapo hapaandikiki, na kutofuta ZIP yoyote kwenye seva. Ulikuwa uamuzi bora kuliko wote uliofanyika. Bila huo, sehemu inayofuata ya kisa hiki ingekuwa masimulizi ya msiba.

Uamuzi wa pili ulikuwa wa haraka: tofauti ni saa nane, basi tuirekebishe. Skripti ya Magharibi ikaongezwa mstari wa kupunguza saa nane kwenye kila faili inayoingia; ya Mashariki ikaongezwa wa kujumlisha saa nane. Sababu yao ilieleweka, kulikuwa na kazi ya mteja inayosubiri. Na kwa siku kadhaa mambo yalitulia.

Kisha wa Mashariki nao wakaanza kupoteza kazi. Faili za mhakiki wa Linux zilikuwa zinafika na muda sahihi, na sasa zinajumlishiwa saa nane zisizohitajika. Alihifadhi saa 18:00 kwake, ambayo ni 02:00 Mashariki. Mwandishi wa Mashariki, mwamka mapema, akahifadhi toleo lake saa 08:30. Saa 09:00 skripti ikaleta faili ya mhakiki ikiwa na muhuri wa 10:00, ikalifunika la mwandishi.

Machi ilipofika Magharibi wakasogeza saa mbele. Tofauti ikawa saba, skripti zikaendelea kuhesabu nane, na kosa la saa moja likawa linaipendelea Magharibi. Kosa la saa moja ni baya kuliko la saa nane kwa namna yake: halileti faili za kesho, halipigi kelele, linakula tu kazi ya watu wawili waliogusa faili moja kwa karibu.

Hapo ndipo nilipoitwa.

## Maamuzi yaliyofuata

Kulikuwa na pendekezo la kuziweka kompyuta zote kwenye UTC. Lingefanya kazi, maana ZIP zote zingeandikwa na kusomwa kwa saa moja. Lilikataliwa kwa sababu ZIP zilitengenezwa kwenye kompyuta za wafanyakazi wenyewe, na mtu anahitaji kalenda na barua pepe zake zisome saa anayoishi. Nilikubaliana nao. Seva kuiweka UTC ni desturi nzuri; kumwambia mhariri kuwa chakula cha mchana ni saa 17:00 ni kumtafutia makosa mapya.

Walichokubaliana ni kuachana na ZIP kwenye njia hii. Kompyuta ndogo za Linux zikaanza kuwasiliana na seva kwa `rsync` juu ya SSH, njia salama ya kuunganisha kompyuta, moja kwa moja kutoka folda ya kazi. Ndani ya `-a` kuna `-t`, inayobeba muda wa kuhaririwa kama namba ya UTC bila kupitia saa ya ukutani. Bila `-t` faili ingepewa muda wa kufika kwake, na hilo ni tatizo la aina nyingine. Saa za kompyuta zote zikaunganishwa na NTP, huduma ya kulinganisha saa kupitia mtandao, ingawa hazikuwa na shida, kwa sababu sasa zingetegemewa zaidi.

Sharti langu moja lilikuwa kuondoa sheria ya "mpya ishinde" kabisa. Hili lilibishaniwa kuliko yote. Hoja ya fundi ilikuwa kwamba sasa muda ni sahihi, kwa nini usiaminiwe? Jibu ni kwamba hata muda ukiwa sahihi kwa sekunde, watu wawili wakihariri faili moja kutoka toleo moja, aliyehifadhi mwisho hana haki ya kufuta kazi ya aliyehifadhi kwanza. Alichelewa tu kubonyeza. Kwa hiyo skripti mpya hutunza cheksamu ya SHA-256 (namba inayokokotolewa kutoka yaliyomo kwenye faili, nayo hubadilika yakibadilika) ya toleo la mwisho ambalo pande zote ziliafikiana. Ikiwa upande mmoja tu umebadilika, unachukuliwa. Ikiwa pande zote zimebadilika, zinabaki faili mbili, kila moja na jina la ofisi yake mwishoni, na mtu anaamua. Muhuri wa muda umebaki wa kumsaidia huyo mtu kuamua, basi.

Kumbukumbu za skripti nazo zikabadilishwa. Zamani ziliandika "10:00" bila kutaja eneo, na wiki ya kwanza ya uchunguzi iliishia kwa watu kubishana 10:00 ya nani. Sasa zinaandika kwa mtindo wa RFC 3339, kanuni ya kuandika tarehe na saa, zikiishia na Z kuonyesha UTC.

## Kurudisha kilichopotea

Kwa kuwa ZIP zote zilikuwepo kwenye seva, kazi ilikuwa kuzifungua upya kwa saa ya aliyezibana. `unzip` husikiliza kigezo cha `TZ`, kinachotaja eneo la saa, hivyo ZIP za Mashariki zilifunguliwa kwa `TZ=Etc/GMT-3`. Ndiyo, kutoa tatu kwa eneo la kujumlisha tatu: majina ya kundi la `Etc/GMT` yana alama zilizopinduliwa, na usipojua utaongeza kosa la saa sita juu ya lile ulilonalo. Za Magharibi zilifunguliwa kwa jina kamili la eneo kutoka hifadhidata ya maeneo ya saa ya IANA, ambayo inajua tarehe za kusogeza saa, kwa hiyo Februari na Machi zikatendewa kila moja inavyostahili. Faili za mhakiki wa Linux hazikuguswa na `TZ`, kwa sababu muda wake ulikuwa tayari wa UTC.

Ili kuthibitisha, tulitumia shahidi aliyekuwamo ndani ya faili zenyewe. Faili ya docx au xlsx ni ZIP kwa ndani, na kwenye `docProps/core.xml` programu huandika muda wa kuhifadhiwa kwa UTC. Jedwali letu la Mashariki lilisoma `2023-02-14T13:00:21Z`, na la mhakiki `2023-02-14T15:00:04Z`. Mpangilio wa kweli ukawa mezani, hauhitaji kubishaniwa. Cheki nyingine ilikuwa ya akili ya kawaida: faili haiwezi kuwa mpya kuliko wakati ZIP yake ilipofika kwenye seva. Iliyovunja kanuni hiyo ilikuwa imesomwa kwa eneo lisilo lake.

Marekebisho karibu yote ya docx na xlsx yalirudi. Faili za CSV zilisumbua, kwa kuwa hazina metadata ya ndani. Hizo ziliamuliwa kwa kuketi na wahusika mstari kwa mstari.

## Kilichofaa na kilichoharibu

Jaribio la mwanzo ndilo nitakaloliwekea lawama kubwa. Kujaribu kati ya kompyuta mbili za eneo moja hakujaribu chochote kilichohusika na kisa hiki. Wala halikuhitaji kusafiri: kubana kwa `TZ` moja na kufungua kwa nyingine kwenye kompyuta moja kungeonyesha kosa kabla ya chai.

Kujumlisha saa kwa namba isiyobadilika lilikuwa kosa la pili, na linatokea sana kwa sababu linaonekana kufanya kazi siku unayoliandika. Linadhani mambo mawili: kwamba kila faili imepotoka kwa kiasi kilekile, na kwamba tofauti ya saa kati ya maeneo ni ya kudumu. Hapa yote mawili yalikuwa si kweli. Kama walitaka tiba ya siku moja, ilikuwepo nyepesi zaidi: kubana kwa tar badala ya ZIP. Tar huhifadhi muda kwa hesabu ya 1970, na kufunguliwa kwake hakujali uko wapi. Amri moja kubadilishwa kwenye kila ofisi ingezuia hasara yote ya Machi.

Kulikuwa pia na ukimya wa `--update`. Skripti inayoamua kuacha kazi ya mtu lazima iseme imeacha nini. Orodha ya faili zilizorukwa ingelikuwa inatumwa kwa barua pepe kila asubuhi, mhakiki wa kwanza angeliona jina la jedwali lake humo siku ya pili tu.

Limebaki suala la picha za mitambo. Kamera huandika muda kwenye EXIF, taarifa zilizomo ndani ya faili ya picha, kama saa ya ukutani, na sehemu ya kuandika tofauti na UTC iliongezwa tu kwenye toleo la 2.31 la mwaka 2016, na si kila kamera inaijaza. Kadi zake nazo mara nyingi ni FAT32, yaani saa ya DOS tena. Kwa hizo ofisi zimekubaliana jambo la mkono: anayeshusha picha huweka kwenye folda faili fupi ya maandishi inayotaja kamera ilikuwa imewekwa saa ya eneo gani, na folda isiyo na faili hiyo skripti huikataa.